Gurudumu la inchi 21 na pikipiki kongwe za Ukambani

Pikipiki nyingi kongwe za Ukambani huanza kufa kutoka gurudumu la mbele. Injini bado inawaka kwa teke la pili, tangi bado lina rangi ya kiwandani chini ya vumbi, lakini tairi la mbele limepasuka ubavuni na madukani halina mwenzake. Mwenye pikipiki huzunguka mjini Kitui asubuhi nzima. Akikosa, hujaribu Mwingi au Wote, na kila muuzaji humwonyesha lile lile la bodaboda, inchi 17 au 18. Mwishowe fundi humpa ushauri unaosikika mwepesi: tung'oe gurudumu hili refu, tukufungie la bodaboda, uende zako.

Ushauri huo umeharibu pikipiki nyingi kuliko kutu.

Kabla ya bodaboda kujaa kila njia panda, pikipiki katika sehemu hizi ilikuwa chombo cha kazi ya umma. Aliyeiendesha alikuwa chifu, afisa wa kilimo wa nyanjani, daktari wa mifugo, muuguzi wa chanjo au padre wa misheni. Mwaka 1978 ulianza Mpango wa Maendeleo wa Machakos, maarufu kwa herufi zake MIDP, uliofadhiliwa na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Wakati huo Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Haikupewa wilaya yake hadi 1992. Kazi ya matuta, mabwawa na mbegu ilihitaji watu wa kufika Mbooni, Kilungu na Kathonzweni, huko ambako gari dogo lilikwama njiani. Upande wa Kitui, mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland walihudumia misheni zilizotenganishwa na makumi ya kilomita za mchanga na vichaka.

Pikipiki zilizofaa kazi hiyo zilikuwa za aina chache. Kulikuwa na Yamaha za DT, ukoo ulioanza mwaka 1968 kwa DT1 ya cc 250 na baadaye ukazaa DT 125 na DT 175. Kulikuwa na Yamaha AG100, iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Kulikuwa na Honda XL125S na XL185S, na Suzuki TF125. Miradi ilipokwisha na vyombo vya serikali vilipochakaa, nyingi ziliuzwa mnadani, zikaingia katika maboma ya walimu wastaafu, wafanyabiashara wa mifugo na vijana wenye mapenzi na injini. Ndizo hizi ambazo leo zinatafutiwa matairi.

Soko lenyewe liligeuka mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Pikipiki za India na China zikafurika, na maduka ya vipuri yakafuata wateja walio wengi. Halikuwa kosa la muuzaji wa Kalundu wala wa Emali. Tairi analoliuza mara moja kwa mwaka linamzibia nafasi ya tairi analoliuza kila siku. Isitoshe, kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanza kama Firestone East Africa na baadaye kuitwa Sameer Africa, kilifungwa mwaka 2016. Tangu hapo Kenya imekuwa ikitegemea zaidi kile kinachoteremshwa bandarini Mombasa, na kinachoteremshwa kwa wingi ni cha bodaboda.

Kwa hiyo mwenye XL au TF anapaswa kujua anachotafuta kabla ya kutoka nyumbani. Achukue kitambaa chenye maji, afute ubavu wa tairi la zamani pale ambapo udongo mwekundu umeshikamana na herufi, kisha asome. Mbele ataona 2.75-21. Nyuma ataona 4.10-18. Vipimo hivi viwili ndivyo vya XL125S, XL185S, TF125 na DT nyingi za baadaye. DT za awali zinaweza kuwa na tairi la nyuma jembamba zaidi, na mwenye AG100 asome zake bila kuazima za jirani. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi: 2.75 ni karibu milimita 70, na 4.10 ni milimita 104. Ya pili ni kipenyo cha rimu. Haina mjadala, kwa sababu tairi la 18 halitakaa juu ya rimu ya 21 hata fundi akipiga magoti juu yake kutwa nzima.

Baada ya vipimo hufuata nambari na herufi ambazo wanunuzi wengi huziruka. Tairi la nyuma lenye maandishi 60P linabeba hadi kilo 250 na kuvumilia mwendo wa kilomita 150 kwa saa. La mbele lenye 45P linabeba kilo 165. Kwa pikipiki ya maonyesho hayo ni mambo madogo. Kwa pikipiki inayotoka Zombe na gunia la ndengu la kilo 90 nyuma ya mwendeshaji mzima, na dumu la maji limening'inia kando, nambari ya mzigo ndiyo ya kusoma mwanzo. Mwendo si tatizo, maana hakuna TF125 itakayofika kilomita 150 kwa saa hata ikiteremka mlima.

Sasa turudi kwa yule fundi na gurudumu lake la bodaboda. Tairi la 2.75-21 likijaa upepo lina kimo cha milimita 673 hivi kutoka chini hadi juu. La 2.75-18 lina kimo cha 597. Kulibadilisha maana yake ni kuteremsha ekseli ya mbele kwa karibu milimita 38, na hapo pikipiki nzima inainama kwa mbele. Uma wa mbele uliolazwa na wahandisi ili usukani utulie kwenye mchanga unasimama wima kwa zaidi ya digrii moja na nusu. Digrii moja na nusu haionekani kwa jicho, lakini mikono huisikia papo hapo. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, unatafutatafuta njia, na kwenye mchanga mzito wa mto Thua unajikunja ghafla.

Spidomita nayo inaanza kudanganya. Katika pikipiki hizi waya wake unavutwa na gurudumu la mbele, na gurudumu fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule. Kilomita 60 za kweli husomeka kama 67 au 68. Hiyo ni kama gia ya spidomita itakubali kuingia kwenye habu ya kigeni, jambo ambalo ni nadra. Ekseli huwa na unene mwingine, ngoma ya breki huwa ya upana mwingine, na fundi hulazimika kuweka vishikizi vya kuchomelea ili mkono wa breki usizunguke na gurudumu. Breki ya mbele iliyoshikiliwa na kipande cha chuma kilichochomelewa chini ya mwembe haifai kwa chombo kinachoteremka kutoka Nunguni wakati wa mvua.

Kuna sababu nyingine ya kulitetea gurudumu hilo, nayo inaonekana kwa yeyote aliyewahi kuvuka korongo. Gurudumu kubwa hukutana na ukingo wa jiwe au wa shimo kwa pembe ndogo. Huupanda badala ya kuugonga. Watengenezaji hawakuchagua inchi 21 kwa urembo. Pikipiki za kashikashi za leo, hata za bei kubwa zinazoonekana kwenye mashindano ya jangwani, bado zinatumia 21 mbele. Hiyo ndiyo habari njema kwa mtu wa Kitui: kipimo hiki hakijafa duniani. Kimeadimika tu kwenye rafu za karibu.

Tairi la nyuma ni kesi nyingine, na hapa inafaa kulegeza kamba kidogo. Rimu ya nyuma ni ya inchi 18, na tairi la bodaboda la 3.00-18 linaingia bila ugomvi. Likiwa na alama 52P linabeba kilo 200, na kimo chake hakipishani sana na cha 4.10-18, kwa kuwa matairi ya 4.10 yamejengwa mafupi kuliko upana wake. Mtu aliyekwama Mutomo siku ya soko anaweza kulifunga na kuendelea na safari. Lakini ni jembamba kwa karibu milimita 28, na wembamba huo hudai malipo mchangani: linachimba pale ambapo pana lingeelea. Lichukuliwe kama la dharura, na 4.10 iendelee kutafutwa.

Wengine wataonyeshwa tairi lenye nambari za milimita, kwa mfano 80/90-21. Hapo 80 ni upana, na 90 inaeleza kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo. Kwa rimu ya mbele ya DT au XL tairi hilo ni mbadala mzuri. La 90/90-21 ni nene zaidi; kabla ya kulipa, lazima mtu apime nafasi iliyobaki kati ya miguu ya uma na chini ya madigadi, akikumbuka kwamba matope yanahitaji nafasi yake pia. Nyuma, watu wengi huchukua 100/90-18. Lolote litakalochaguliwa liwe la nyuzi za kukingama, kama matairi ya asili ya pikipiki hizi. Kuchanganya hilo upande mmoja na la radiali upande mwingine hufanya ncha mbili za pikipiki zipinde kona kwa tabia mbili.

Uso wa tairi, yaani meno, ndiyo sehemu ambayo wanunuzi huamua kwa macho. Meno marefu yaliyoachana yanapendeza kwenye picha. Yanafaa pia kwenye udongo mwekundu wa Kilungu na Mbooni, ambako mvua ikinyesha barabara ya mteremko inakuwa kama sabuni, na kwenye udongo mweusi unaojaza tairi hadi ligeuke duara la matope. Lakini Ukambani wa sasa si ule wa 1978. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui imewekwa lami, na pikipiki iliyokuwa ikikata vumbi njia nzima sasa inatembea juu ya lami yenye joto. Meno marefu kwenye lami ya moto huisha haraka, hutetemesha usukani, na kwenye kona huinama kabla ya kushika.

Kwa mtu wa Ikanga anayeshuka Kitui kwa lami mara mbili kwa wiki na kumalizia kilomita chache za mchanga hadi bomani, tairi sahihi ni lile la mchanganyiko: vipande vipana vilivyokaribiana, mifereji yenye kina cha wastani, mabega yenye kingo. Ndivyo yalivyokuwa hata matairi mengi ambayo pikipiki hizi zilitoka nayo kiwandani. Anayeishi Nunguni na asiyeona lami ila Sultan Hamud achukue meno marefu bila kusita. Anayeishi bondeni mwa Thua anahitaji upana kuliko meno, na ajifunze kupunguza upepo. Vitabu vya pikipiki hizi hutaja presha ya chini kuliko wengi wanavyodhani, psi 20 na kidogo kwa mtu mmoja. Tairi lililojazwa hadi liwe gumu kama jiwe, kama mabodaboda wanavyopenda kwa sababu ya mizigo, halishiki mchanga, na linapeleka kila pigo kwenye spoki zenye umri wa miaka 40.

Kisha kuna miiba. Mtu anaweza kuchagua tairi bora kuliko yote mjini na bado asimamishwe na mgunga kabla ya kufika kwake. Migunga ya nyanda hizi hubeba miiba mirefu iliyonyooka pamoja na mifupi iliyopinda. Mti wa mulului una miiba ya kijani, migumu, inayopenya mpira kama sindano. Mifugo hupita na matawi, wenye mashamba hukata ua wa miiba, na ng'ombe wakiingia zizini jioni barabara inabaki na mabaki yake. Kwa sababu rimu za spoki hutumia tyubu, ulinzi wa kweli uko ndani ya tairi: tyubu nene ya kipimo hasa cha 21. Mafundi wengine, wakiikosa, huvuta tyubu ya 18 hadi ienee. Mpira uliovutwa hivyo unakuwa mwembamba, na mwiba ambao ungeishia njiani unafika. Tyubu kubwa kupita kiasi nayo hujikunja, na mkunjo hujisugua hadi utoboke bila mwiba wowote.

Ukitazama fundi makini akifanya kazi utajua kwa nini wateja humngojea foleni. Akishatoa tairi kuukuu hatii jipya mara moja. Anapitisha vidole ndani ya tairi polepole, akitafuta ncha ya mwiba iliyovunjikia humo, kwa sababu hiyo hiyo ingetoboa tyubu mpya kabla ya jua kutua. Anakwangua kutu ndani ya rimu kwa msasa, anaangalia kama kuna spoki iliyochomoza, anafunga utepe mpya wa mpira juu ya vichwa vya spoki. Ananyunyiza poda kwenye tyubu ili isishikane na tairi. Anapaka povu la sabuni kwenye midomo ya tairi, anapiga magoti upande mmoja ili mdomo uzame katikati ya rimu, na upande wa pili unaingia kwa vyuma viwili vifupi bila kutumia nguvu za ajabu. Akishajaza upepo anazungusha gurudumu na kufuata kwa jicho ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu; ukiwa karibu hapa na mbali pale, tairi halijakaa, na anaanza upya. Nati ya valvu haikazi hadi kwenye rimu, ili tairi likisogea kidogo valvu ielekee kando na mtu aione, badala ya kukatika kwenye shina.

Jambo moja linalosahaulika katika furaha ya kupata kipimo adimu ni umri. Tairi la 21 linapopatikana kwenye duka la mji mdogo, huenda limekaa hapo miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo ya uadimu, likining'inia nje juani. Mpira huzeeka bila kutembea. Jua na hewa huukausha, nao hupasuka nyufa ndogo kwenye ubavu na ndani ya mifereji. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatwa na msimbo, na nambari nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kubeba mtu, hata kama meno yake hayajaguswa na hata kama karatasi bado imelizunguka. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi na libadilishwe likifika miaka 10. Kwa joto la Kitui ni busara kulichukua onyo hilo kwa uzito wake wote.

Wako pia wachache wenye pikipiki za kale zaidi, BSA na Triumph za Uingereza zilizobaki tangu enzi za ukoloni au muda mfupi baada ya uhuru. Hizo hazina tatizo la 21. Nyingi zina rimu ya inchi 19 mbele, kwa mfano 3.25-19, na wenye nazo hupenda tairi lenye uso wa zamani kama Dunlop K70, ambalo bado linatengenezwa. Baadhi ya pikipiki za aina hiyo huonekana Nairobi kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza mwaka 1970. Lakini zile husafirishwa kwa lori na kufutwa kwa vitambaa laini. Pikipiki ya Ukambani inafanya kazi, na tairi lake linachaguliwa kwa ajili ya kazi.

Kupata tairi lenyewe kunataka subira ya majuma machache na pesa za kuagiza. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, ina wauzaji wa vipuri wanaoweza kutafutiza kipimo kisicho cha kawaida. Wauzaji rasmi wa Yamaha na Honda nao wanaweza kuulizwa, maana mashirika ya misaada bado yanatumia pikipiki za kashikashi zenye magurudumu kama haya. Njia iliyowafaa wengi ni wenye pikipiki watatu au wanne wa eneo moja kuagiza pamoja. Muuzaji anayekataa kuleta tairi moja atakubali kuleta manne, na tyubu zake. Oda hiyo iwekwe kufikia Agosti. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba, na tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani juu ya uso wake. Linahitaji kilomita 150 hivi za mwendo wa pole kwenye njia kavu kabla halijaaminiwa kwenye matope.

Na yule ambaye tayari alishakubali gurudumu la bodaboda? Mara nyingi lile la asili halijaenda mbali. Liko nyuma ya ghala, au juu ya paa la banda la kuku likizuia mabati yasiruke. Habu ikiwa nzima, ngoma ya breki ikiwa laini ndani na beringi zikikubali kubadilishwa, kilichobaki ni rimu na spoki. Ahesabu matundu, kwa kawaida 36, asome upana uliopigwa kwenye chuma, kwa kawaida 1.60, kisha atafute rimu ya 1.60x21 yenye idadi hiyo. Fundi anayejua kusuka spoki na kunyoosha rimu huimaliza kazi hiyo siku moja. Vile vishikizi vilivyochomelewa chini ya mwembe vikatwe kwa msumeno mdogo, chuma kisuguliwe hadi kiwe laini, na gia ya spidomita irudishwe mahali pake.